Taa ya Ngazi Italipiwa na Nani?

Katika kikao cha kuelezwa mradi wa kubomoa mabanda na kujenga maghorofa, nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Juu ya meza ya mbele ulikuwa umewekwa mfano wa majengo uliotengenezwa kwa karatasi ngumu nyeupe, wenye miti ya sponji na vijitu vya plastiki visivyo na nyuso, na mtaalamu aliyekuja kutueleza mradi alikuwa akiuzunguka na kijiti kirefu, akigusa hapa ghorofa za makazi, hapa uwanja wa watoto, hapa njia ya magari ya zimamoto. Mabanda yangeondolewa kwa awamu, watu wangehamishiwa mahali pa muda, majengo yangepanda, na kila kaya ingekabidhiwa ufunguo wake. Maswali yaliyofuata yalikuwa yale yanayotarajiwa: lini, kaya ngapi, na nani ataanza.

Kisha akasimama mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Mwanangu," akasema, "hizo ngazi ulizotuonyesha, usiku zitakuwa na taa. Taa hizo zitalipiwa na nani?"

Watu walicheka, si kwa dharau bali kwa uchovu wa kikao kirefu. Mwenye kijiti naye akacheka. "Mama, hayo ni mambo madogo, tutayazungumza mkishahamia," akajibu, akampa nafasi mwingine.

Sikuliandika swali lile.

Siku mbili baadaye, nilipokuwa nikisafisha kumbukumbu ili zithibitishwe, nilikuta maswali ya wote na majibu yao, isipokuwa la yule mama. Hakuna aliyeniagiza niliache. Mkono wangu wenyewe uliamua kwamba ni dogo mno, na uamuzi huo umenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Nilianza kusoma kuhusu ubomoaji wa makazi duni na uhamishaji wa watu nikitafuta, nakiri, kitu cha kunithibitishia kwamba sikukosea.

## Watu 11

Nilianzia London, kwa sababu ndiko ulikojengwa mmoja wa mitaa ya kwanza mikubwa ya nyumba za umma. Eneo la Old Nichol, upande wa mashariki wa jiji, lilikuwa na vichochoro vya nyumba zilizooza, na vifo vyake vilikuwa karibu mara mbili ya vile vya sehemu nyingine za wilaya yake, Bethnal Green. Katika miaka ya 1890 baraza la jiji lililibomoa lote na kujenga mtaa mpya uitwao Boundary Estate, uliofunguliwa rasmi mwaka 1900 na mrithi wa kiti cha ufalme. Majengo yake ya matofali mekundu yanakaliwa mpaka leo, na ni mazuri kweli.

Waliohamishwa kupisha ujenzi walikuwa watu 5,719. Walioingia katika nyumba mpya, kati ya wale waliokuwa wakiishi pale awali, wanatajwa kuwa 11.

Nilidhani ni kosa la uchapaji. Si kosa. Baraza lilitaka kodi za nyumba za mtaa mpya ziweze kugharimia mradi bila kuwatwisha mzigo walipa kodi wa jiji, na kodi iliyotosheleza sharti hilo ilimfaa fundi mwenye kazi ya kudumu, si mchukuzi wa mizigo wala mama aliyekuwa akibandika vijisanduku vya viberiti nyumbani. Wenyeji walisogea mitaa ya jirani, ambayo nayo ikazidi kujaa. Kifusi cha nyumba zao za zamani kilirundikwa katikati ya mtaa mpya, kikatengenezwa kilima chenye bustani na kibanda cha wapiga muziki juu yake, na kipo hapo hadi sasa.

Kifusi kilipata nafasi katika mtaa mpya.

Kwa siku chache baada ya kusoma hayo nilikuwa na hasira nyepesi, ile inayompa mtu raha: nilijiambia kwamba ubomoaji ni wizi uliovaa suti. Lakini sikuweza kuilinda hasira hiyo mbele ya zile takwimu za vifo. Mtu anayeutetea mtaa ambao watu wake wanakufa mara mbili zaidi ya wa majirani, kwa sababu tu waliokuja kuubomoa walikuwa na nia nyingine, anapaswa kujiuliza anamtetea nani.

## Hesabu za jikoni

Kilichonipindua ni habari za mji mdogo zaidi. Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa na mganga mkuu wa manispaa aitwaye M'Gonigle. Mwaka 1927 sehemu moja ya makazi duni ya mji huo ilibomolewa, na familia 152 zenye watu 710 zikahamishiwa katika mtaa mpya kabisa wenye maji, vyoo, madirisha na hewa. Sehemu nyingine ya makazi duni, iliyofanana na ile ya kwanza, ilibaki kama ilivyokuwa. Kwa daktari hiyo ilikuwa nafasi adimu: watu wa aina moja, wa mji mmoja, wengine wamehamishwa na wengine wamebaki.

Baada ya miaka mitano alihesabu vifo. Kwa waliobaki katika nyumba mbovu vilikuwa vimepungua. Kwa waliohamia katika nyumba nzuri vilikuwa vimepanda kutoka karibu 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka hadi zaidi ya 33.

Nimelisoma jedwali hilo mara nyingi, kila mara nikitarajia safari hii tarakimu zitakuwa zimegeuka.

Daktari naye hakuamini kwa haraka. Alitafuta sababu mahali ambapo mganga wa afya ya jamii hutafuta kwanza: magonjwa ya mlipuko, mifereji ya maji machafu, kasoro za nyumba, umri wa waliohamishwa. Hakuiona huko. Ndipo akageukia hesabu za matumizi ya kaya, shilingi kwa shilingi na peni kwa peni, na huko akakuta kwamba kodi ya nyumba ilikuwa imepanda karibu mara mbili, kutoka shilingi nne na kitu hadi shilingi kama tisa kwa wiki, katika kipindi ambacho wengi wao hawakuwa na kazi. Kodi ni lazima ilipwe, la sivyo familia inatolewa nje. Chakula hakina mkusanya madeni, kwa hiyo chakula ndicho kilichopunguzwa. Nyumba ilikuwa imewaondolea unyevu, na kwa mkono wa pili ikawapunguzia sahani.

Hapa ndipo swali la yule mama lilianza kunirudia kwa sura nyingine. Tunapozungumzia gharama za kuwahamishia watu katika nyumba za umma, tunazungumzia saruji, nondo, ardhi na mkandarasi, yaani fedha zinazotoka mara moja na kukatiwa utepe. Gharama iliyopandisha vifo vya Stockton haikuwamo katika bajeti ya mradi hata kidogo. Ilikuwa katika bajeti ya jikoni, ikilipwa kila wiki, bila utepe.

Sheria ya nyumba ya Uingereza ya mwaka 1930 ilisogea kidogo kuelekea jambo hilo: ruzuku ilihesabiwa kwa idadi ya watu waliohamishwa na kupewa makazi, badala ya idadi ya nyumba tu, na halmashauri ziliruhusiwa kuwapunguzia kodi wasio na uwezo. Ni hatua ya busara ambayo, kwa maoni yangu, husahaulika katika mijadala yetu kwa sababu haina picha ya kupamba ukurasa wa mbele.

## Lifti isiyosimama kila ghorofa

Mtu yeyote akitaja nyumba za umma zilizoshindwa, baada ya muda mfupi atataja Pruitt-Igoe ya St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, makazi 2,870, mchoro wa msanifu majengo Minoru Yamasaki, watu wa kwanza wakiingia mwaka 1954, na kuanza kulipuliwa mwaka 1972. Filamu ya jengo likianguka na kuacha wingu la vumbi imeonyeshwa kila mahali, na kila mtu huitumia kuthibitisha alichokuwa akiamini tangu mwanzo. Anayechukia serikali huona serikali ikianguka, na anayechukia ghorofa huona ghorofa.

Mimi niliangalia lifti.

Ili kubana matumizi, lifti zilisimama katika ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Aliyekaa ya 5 alishuka ya 4 na kupanda kwa miguu. Aliyekaa ya 3 alipanda hadi ya 4 akateremka, au akaanza na ngazi tangu chini. Kwa hiyo ngazi hazikuwa njia ya dharura bali sehemu ya safari ya kila siku ya kurudi nyumbani na mtoto mgongoni na mzigo mkononi, na kama balbu ilikuwa imekufa, safari hiyo ilikuwa gizani.

Balbu zilikufa, kwa sababu utaratibu wenyewe ulizihukumu. Serikali kuu ilitoa fedha za kujenga, lakini fedha za kuendesha na kutengeneza zilitakiwa zitokane na kodi za wapangaji. Mji nao ulikuwa ukipoteza watu: kutoka karibu 857,000 mwaka 1950 hadi 622,000 mwaka 1970. Vyumba vilipobaki vitupu, mapato yalishuka. Mapato yaliposhuka, matengenezo yaliahirishwa. Matengenezo yalipoahirishwa, wenye uwezo wa kuondoka waliondoka. Na waliobaki, ambao ndio maskini zaidi, walipandishiwa kodi ili kuziba pengo. Wengine walikuwa wakitoa zaidi ya nusu ya kipato chao. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za mji huo waligoma kulipa kodi, na mwaka huohuo sheria ya Marekani iliweka ukomo kwamba mpangaji asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Kwa mpangaji hilo lilikuwa sahihi. Kwa Pruitt-Igoe lilikuwa limechelewa.

Glasgow, jiji la Scotland, iliongeza jambo moja. Katika awamu ya kuujenga upya mtaa wa Gorbals iliyoitwa Hutchesontown E, iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyumba zilikuwa na umeme wa kupasha joto ambao wapangaji wengi hawakumudu kuuwasha ipasavyo. Kuta zikavuja jasho, ukungu ukaota juu ya nguo na vitanda. Wapangaji walipolalamika waliambiwa kwamba kosa ni namna wanavyoishi. Majengo hayo yalibomolewa mwaka 1987, wakati mikopo ya nyumba za halmashauri nchini Uingereza kwa kawaida ilipangwa kulipwa kwa miaka 60.

Deni liliishi muda mrefu kuliko jengo.

## Wanaofidiwa

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa kila aliyewahi kuishi katika chumba cha kupanga anajua ninachotaka kusema. Katika miradi mingi ya ubomoaji, anayefidiwa ni mwenye nyumba au mwenye ardhi. Mpangaji hupewa notisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1875 iliyofungua njia kwa halmashauri kubomoa maeneo mazima ilikadiria fidia kwa kutazama pato la nyumba, na nyumba iliyosongamana ina pato kubwa, kwa hiyo mwenye nyumba aliyerundika watu wengi zaidi katika chumba kimoja ndiye aliyevuna zaidi siku ya kubomolewa. Ilibidi sheria zilizofuata zirekebishe hilo.

Katika kikao chetu wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye mabanda. Orodha ya uhakiki ilikuwa na safu ya jina la mmiliki tu.

## Mahali niliposita

Kama ningeishia hapo, makala hii ingekuwa rahisi kuandika. Ila Singapore ilikataa kukaa katika hoja yangu.

Shirika la nyumba la nchi hiyo liliundwa mwaka 1960. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi; serikali ikajenga maghorofa na kuwahamishia watu kwa kasi ambayo hata wapinzani wake hawakuikana. Leo karibu watu wanane kati ya kumi katika nchi hiyo wanaishi katika nyumba zilizojengwa na shirika hilo. Lifti zinafanya kazi. Nilijaribu kulipuuza hilo kwa kusema ni nchi ndogo na tajiri, lakini mwaka 1961 haikuwa tajiri.

Nilipochunguza jinsi ilivyowezekana, nilikuta kwamba gharama haikuwa imetoweka. Ilikuwa imeandikiwa majina. Sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo mkubwa wa kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, kwa hiyo sehemu ya bili ililipwa na waliokuwa na ardhi. Kuanzia mwaka 1968 wananchi waliruhusiwa kununua nyumba kwa akiba yao ya lazima ya uzeeni, kwa hiyo sehemu nyingine ililipwa na mishahara ya kesho. Na nakisi ya shirika hufidiwa na serikali kwa ruzuku kila mwaka, bila kuona haya. Waliofuga kuku na kulima mboga kando ya mabanda yao walipoteza riziki ambayo haikuingia katika hesabu ya mtu. Mtu anaweza kubishana na mgawanyo huo, nami nabishana nao. Lakini ni mgawanyo uliofikiriwa kabla.

Ipo njia nyingine, ya kuwaacha watu walipo na kuwapelekea barabara, mifereji na maji. Jakarta iliifuata kwa ukubwa tangu mwaka 1969 katika mpango wa kuboresha vijiji vya mjini, ikitumia kiasi kidogo kwa kila mkazi na kuwafikia mamilioni. Tanzania nayo, iliyokuwa ikibomoa na kujenga upya kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962, iliona kwamba kila nyumba mpya iliyosimama juu ya iliyovunjwa haikuongeza nyumba hata moja, na katika miaka ya 1970 ikageukia upimaji wa viwanja na uboreshaji wa maeneo yaliyopo. Moyo wangu unaelekea huko. Hata hivyo nawafahamu watu wanaoishi katika bonde ambalo maji hulirudia kila msimu wa mvua kubwa, na hakuna mfereji utakaowafanya walale salama pale. Wapo watakaolazimika kuhama, na kuwaambia vinginevyo ni kuwadanganya.

## Balbu

Wiki iliyopita nilikwenda kumtafuta yule mama. Nilijitambulisha kuwa ndiye niliyekuwa nikiandika kikaoni, nikamwambia kwamba nataka kulinukuu swali lake kwa usahihi. Alinitazama kwa muda, akacheka. "Kumbe hukuliandika," akasema.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamuuliza kwa nini, kati ya mambo yote, aliuliza taa.

Alinionyesha balbu iliyoning'inia juu ya mlango wake kwa waya uliofungwa kwa uzi. "Hii naizima mwenyewe," akasema. "Mwezi ukiwa mbaya, naizima mapema. Mwezi ukiwa mbaya sana, haiwaki kabisa. Maji nanunua dumu moja badala ya matatu, na mwenye chumba tukielewana nampa nusu, nusu baadaye. Sasa ile ya ngazini, mwanangu, nitaizimaje?"

Nilikuwa nimesoma kwa wiki nyingi na sikuwa nimeliona hilo likisemwa waziwazi hivyo. Katika banda karibu kila gharama inakatika vipande; mtu anaweza kununua dumu moja, kuchelewesha nusu ya kodi, au kulala gizani. Ni maisha ya tabu na mara nyingi ni ghali zaidi kwa kila kipande, kwa maana maji ya dumu huwa na bei kuliko ya mwenye bomba. Lakini vipande hivyo ndivyo vinavyomwezesha asiye na mshahara wa mwezi kufika mwisho wa mwezi. Ghorofa huviunganisha vyote kuwa bili moja yenye tarehe. Watu wa Stockton walikutana na bili ya namna hiyo, na sehemu pekee ya maisha yao iliyobaki ikikatika ilikuwa chakula.

Nilimuuliza kama hataki kuhama. Alishangaa. "Nani kasema sitaki? Nataka choo cha ndani. Nimeuliza taa."

## Yatokanayo

Nilimwandikia mwenyekiti kuomba kumbukumbu zirekebishwe. Alinijibu kwa adabu kwamba zimekwisha kuthibitishwa na kutiwa saini, na kwamba kwa utaratibu kilichosahaulika kinaweza kuingizwa chini ya yatokanayo katika kikao kinachofuata. Nimefanya hivyo. Nimeliandika swali kama lilivyoulizwa, na chini yake nimeongeza mengine manne ambayo mtaalamu atatakiwa kuyajibu kwa tarakimu: ada ya mwezi ya matengenezo ya jengo itakuwa kiasi gani, itapandishwa na nani, mpangaji aliyekosa kipato kwa miezi mitatu atafanywaje, na lifti ikiharibika katika mwaka wa kumi fedha za kuitengeneza zitatoka mfuko upi.

Mwenyekiti aliuliza kama maswali matano si mengi mno kwa kipengele kimoja. Nilimjibu kwamba yanaingia katika nusu ukurasa, na nusu iliyobaki nimeiacha tupu kwa ajili ya majibu. Mama ameniambia atakaa palepale karibu na mlango.